Mama Wawili, Watoto Wawili na Ukumbi Uliocheka: Tathmini ya The Kids Are All Right

The Kids Are All Right, filamu ya mwongozaji Lisa Cholodenko kuhusu wanawake wawili wanaoishi kama wanandoa na kulea watoto wawili jijini Los Angeles, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Januari 2010 katika Tamasha la Filamu la Sundance, mjini Park City, jimbo la Utah, Marekani. Ilionyeshwa katika ukumbi wa Eccles, ambao ni ukumbi wa shule ya sekondari ya mji huo wenye nafasi ya watu zaidi ya 1,200. Taarifa za wakati ule zinakubaliana kwamba watu walicheka, tena kwa sauti, na haikuchukua muda kabla kampuni ya Focus Features haijainunua kwa fedha zinazokaribia dola milioni 5, ilhali gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kuwa kama dola milioni 4. Tangu hapo filamu imezunguka katika matamasha, majumba ya sinema na sebule za watu, na kila ilikofika imeacha nyuma yake makundi mawili: wanaoizungumzia kwa furaha na wanaoizungumzia kwa uchungu, na si mara chache mtu mmoja amekuwa katika makundi yote mawili.

Naiandika tathmini hii nikiwafuata watazamaji hao, kwa sababu naamini mwitikio wao unaeleza ubora na kasoro za kazi hii vizuri kuliko muhtasari wowote wa hadithi. Maoni yangu ni kwamba kicheko cha Sundance kilikuwa cha haki, kwamba wanawake walionung'unika baadaye nao walikuwa na haki, na kwamba imo sehemu moja ambayo ilipaswa kuwakera watu wengi kuliko ilivyowakera.

Kicheko kile kilikuwa na uzito kwa sababu ya mahali na wakati wake. Mwezi Novemba 2008 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 8, lililofuta haki ya ndoa za jinsia moja ambayo Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikuwa imeitambua miezi michache tu kabla. Kanisa la Mormoni, ambalo makao yake makuu yako Salt Lake City, si mbali na Park City kwa gari, lilikuwa limewahimiza waumini wake kuichangia kampeni hiyo kwa fedha na kwa muda wao. Baada ya kura kuhesabiwa, baadhi ya wanaharakati walitaka watengenezaji wa filamu waisusie Sundance kwa sababu tu wakati huo ilikuwa ikifanyika Utah, na katika tamasha lile lile la 2010 ilionyeshwa filamu ya hali halisi kuhusu nafasi ya kanisa hilo katika kampeni ya California. Kwa hiyo wengi walioketi Eccles walikuwa watu ambao kwa zaidi ya mwaka mzima walikuwa wamesikia familia za namna hii zikijadiliwa mahakamani, makanisani na kwenye matangazo ya televisheni, upande mmoja ukizieleza kama hatari kwa jamii na upande mwingine ukizieleza kama wahanga wa kuonewa huruma. Taa zilipozimwa wakaletewa familia ambayo mama mmoja analalamika kwamba binti hajaandika kadi za kuwashukuru watu waliompa zawadi za siku ya kuzaliwa. Hakuna mtu katika filamu anayetaja kura ile, wala mahakama, wala kanisa. Nadhani ukimya huo ndio uliowapa watu ruhusa ya kucheka.

Hadithi yenyewe si ngumu. Nic, anayeigizwa na Annette Bening, ni daktari wa uzazi, mwanamke mwenye utaratibu, mkali kidogo na mpenda mvinyo kupita kiasi. Jules, anayeigizwa na Julianne Moore, ameanza kazi nyingi bila kuzimaliza na sasa anajaribu biashara ya kubuni na kupamba bustani za watu. Kila mmoja amezaa mtoto mmoja kwa mbegu za mwanamume yule yule, aliyezitoa kwenye benki ya mbegu bila kujulikana jina. Mtoto wa kwanza ni Joni, mwenye umri wa miaka 18, anayejiandaa kwenda chuo. Wa pili ni Laser, mwenye miaka 15, ambaye anatamani kumjua baba huyo na anamwomba dada yake atumie haki ya utu uzima wake kuipigia simu benki. Anapatikana Paul, anayeigizwa na Mark Ruffalo, mwenye mgahawa wa vyakula vya kilimo hai, mwenye pikipiki, asiye na mke wala mzigo wowote. Anapenda watoto hao papo hapo, nao wanampenda. Kisha anampa Jules kazi ya kutengeneza bustani ya nyumba yake, na wawili hao wanaanza kulala pamoja kwa siri.

Sehemu ya kwanza ya filamu, kabla ya siri hiyo, ni ucheshi ulioandikwa kwa ustadi wa hali ya juu. Cholodenko na mwandishi mwenzake Stuart Blumberg waliufanyia kazi muswada huu kwa miaka kadhaa, na kila mmoja aliingia na jambo alilolijua kutoka maishani mwake: Blumberg alikuwa amewahi kutoa mbegu alipokuwa mwanafunzi wa chuo, na Cholodenko, ambaye mwenyewe ni mwanamke anayependa wanawake, aliusimamisha mradi kwa muda ili amzae mtoto wake aliyempata kwa njia hiyo hiyo. Ujuzi huo unaonekana katika mambo madogo. Nic na Jules ni wazazi waliosoma vitabu vyote vya malezi na wanaozungumza na watoto wao kwa lugha ya mshauri nasaha, na watoto wamezoea kuiepa lugha hiyo kama vijana wote wanavyoepa mahubiri ya nyumbani.

Mfano mzuri kuliko yote ni pale mama hao wanapoanza kuhisi kwamba Laser na rafiki yake wana uhusiano wa kimapenzi. Wanamketisha, wanashikana mikono na kumweleza kwa upole mwingi kwamba anaweza kuwaambia lolote, kwamba watamwelewa, na kwamba laiti angewaamini mapema. Laser, ambaye hana habari na wanachokiwaza, anadhani wamegundua kwamba amekutana na baba yake wa mbegu, na anaungama. Kwa muda pande mbili zinazungumza juu ya mambo mawili tofauti kwa maneno yale yale, huku sura za mama hao zikibadilika kutoka huruma hadi mshangao na kutoka mshangao hadi hofu ya kweli. Mwana kuwa mpenzi wa wanaume lilikuwa jambo walilojiandaa nalo kwa hotuba nzima. Kwamba ametafuta mzazi mwingine, hilo hawakuwa na hotuba yake. Watu hucheka hapa kwa nguvu, na ukisikiliza vizuri utaona kwamba kicheko hakimwangukii mtu kwa sababu ya mapenzi yake. Kinamwangukia mzazi aliyekuwa na hakika ya kumjua mwanawe.

Ipo pia sehemu ambapo Laser na rafiki yake wanagundua kwenye droo ya mama hao filamu ya ngono ya wanaume peke yao, na Laser baadaye anawauliza kwa nini wanawake wanaopenda wanawake watazame kitu kama hicho. Jules anaanza maelezo marefu kuhusu namna tamaa ya binadamu isivyokwenda kwa mstari ulionyooka, na kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kuzama, hadi unamwonea huruma. Sehemu hii huwagawa watazamaji. Wengine huiona kuwa ya ujasiri na ya kuchekesha, na wengine, hasa wanawake waliokuwa na kiu ya kujiona kwenye skrini, huiona kama dalili ya mapema ya kule hadithi inakoelekea. Mimi naikubali kama ucheshi, lakini naelewa kwa nini mtu aliyeitazama filamu mara ya pili hawezi tena kuicheka kwa moyo mweupe.

Mlo wa mchana ambapo Paul analetwa nyumbani kwa mara ya kwanza ni somo la uigizaji. Nic anamhoji mgeni kama wazee wa upande wa binti wanavyomhoji mposaji aliyekuja bila mshenga: ulisoma wapi, kwa nini uliacha chuo, unafanya nini hasa. Paul anajibu kwa wepesi wa mtu asiyewahi kuwajibishwa, na kila jibu linaongeza ubaridi mezani. Bening hafanyi kitu chochote kikubwa. Anatabasamu kwa midomo tu, anaichukua bilauri yake ya mvinyo, anairudisha. Nimeitazama sehemu hii pamoja na jamaa na marafiki wa umri mbalimbali, wengine wakiwa watu wasiokubaliana kabisa na familia ya namna hii, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kinachoendelea. Vivyo hivyo Joni anaporudi nyumbani akiwa nyuma ya pikipiki ya Paul, dhidi ya marufuku ya Nic, na Nic analipuka: mama mmoja tuliyekuwa naye, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa amekaa kimya akiwa amekunja mikono, alianza kumtetea Nic kwa sauti, kwa kuwa mwanawe naye hupanda bodaboda usiku na hajawahi kumsikiliza. Hakubadili msimamo wake juu ya lolote jingine jioni hiyo, wala sidhani filamu ilikuwa inamtaka abadilike. Ilitosha kwamba kwa kitambo alimwona Nic kuwa mzazi mwenzake.

Kisha ukumbi hunyamaza. Sehemu inayounyamazisha ni chakula cha jioni nyumbani kwa Paul, na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Nic amekuja akiwa ameamua kujitahidi. Anagundua kwamba Paul, kama yeye, ni mpenzi wa muziki wa Joni Mitchell, ambaye binti yao amepewa jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze anamwangalia mwanamume huyo kwa furaha ya kweli. Anaanza kuimba pale pale mezani, bila ala, kwa sauti isiyo ya mwimbaji. Paul anaitikia. Wimbo unaendelea kwa muda mrefu kuliko inavyozoeleka katika filamu, hadi watoto wanaona haya na mtazamaji anaanza kucheka kidogo, kicheko cha kumwona mtu mgumu akijiachia. Dakika chache baadaye Nic anaenda msalani, na huko anaona nywele nyekundu za Jules kwenye kitana na kwenye tundu la maji la bafu. Anarudi mezani. Wenzake wanaendelea kuongea, lakini sauti zao zinatujia kama zinatoka ndani ya maji, na kamera inabaki kwenye uso wa Bening, ambao unajaribu kuendelea kuwa uso wa mtu anayekula chakula cha jioni.

Nimeona watu waliokuwa wakicheka nusu dakika kabla wakiweka mikono midomoni. Cholodenko amewafanya wampende Nic kwa wimbo, kisha akawafanya wawe wa kwanza kujua kwamba ameumizwa, kwa kuwa sisi tulikwisha kuijua siri na yeye hakuijua. Ukitaka kujua kwa nini Bening alishinda tuzo ya Golden Globe Januari 2011 na kuteuliwa kuwania Oscar, tazama dakika hizo tu.

Mwezi Februari 2010 filamu ilipelekwa katika Tamasha la Berlin, na huko ikapata Tuzo ya Teddy ya filamu bora ndefu. Tuzo hiyo, inayotolewa tangu 1987, hupewa filamu zinazohusu maisha ya wapenzi wa jinsia moja na wengine wenye hali zinazofanana na hiyo, na huamuliwa na watu wanaozijua filamu hizo kwa kina. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema kwamba filamu hii iliwafurahisha tu watu wa nje, wanandoa wa kawaida waliotaka kuhakikishiwa kwamba majirani zao hawana tofauti nao. Berlin inaonyesha kwamba kulikuwa na watu wa ndani walioipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, lawama nzito kuliko zote nazo zilitoka kwa watu wa ndani, na hizo zilisikika zaidi filamu ilipoingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 9 Julai 2010.

Lawama kuu ni Paul. Kwa miaka mingi filamu zimekuwa zikisimulia habari ya mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake hadi atokee mwanamume wa kumrudisha katika njia inayodhaniwa kuwa ndiyo yenyewe. Wanawake wengi walisubiri kwa muda mrefu filamu yenye waigizaji wakubwa, pesa za kutosha na usambazaji wa nchi nzima ambayo ingewaweka wao katikati, na ilipofika, mapenzi yenye joto zaidi ndani yake ni kati ya mwanamke na mwanamume. Tendo la ndoa kati ya Nic na Jules linaonyeshwa mara moja, chini ya shuka, kwa mzaha, na linashindikana. Tendo kati ya Jules na Paul linaonyeshwa zaidi ya mara moja, kwa nguvu na kwa furaha. Mwanazuoni Jack Halberstam alikuwa miongoni mwa waliolalamika hadharani mwaka ule kwamba ndoa ya wanawake wawili imechorwa kama kitu kilichokauka. Sioni namna ya kuikana hoja hiyo. Mtu anaweza kusema, na mimi nasema, kwamba usaliti katika ndoa ni jambo la kweli na kwamba mwandishi ana haki ya kuchagua msaliti awe nani na na nani. Lakini mwandishi huchagua pia anachokionyesha kwa muda mrefu na anachokipitia haraka, na katika kipimo hicho Nic na Jules wamepunjwa.

Cholodenko mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba hakutaka kutengeneza filamu ya mahubiri, na kwamba alitaka watu wenye makosa. Namwelewa. Muongo mmoja na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1998, filamu yake ya kwanza ndefu ilikuwa imepata tuzo ya uandishi huko huko Sundance kwa kuwaonyesha wanawake wenye kasoro nzito bila kuwaombea radhi kwa mtazamaji. Jules anapoulizwa na Nic kama sasa amegeuka kuwapenda wanaume, anakana, na filamu inamwamini. Alichokitafuta kwa Paul ni kuonwa na kuthaminiwa, jambo ambalo ndoa ndefu inaweza kumnyima yeyote. Maelezo hayo yanakubalika kwa akili. Tatizo ni kwamba ukumbi wenye watu mia kadhaa hauchukui maelezo kwanza. Unachukua picha, na picha iliyobaki ni ile ya Paul.

Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa nikisoma na kusikiliza maoni ya watazamaji: wengi waliolalamika kuhusu mwanzo wa Paul walilalamika pia kuhusu mwisho wake. Katika sehemu za mwisho anakuja mlangoni kuomba msamaha na Nic anamfukuza, akimwambia kwamba kama anataka familia akajitengenezee ya kwake. Watazamaji wengine hushangilia. Wengine, na si wanaume pekee, huona kwamba amefungiwa nje kwa haraka mno, kwamba watoto walimpenda na walistahili neno la mwisho pamoja naye. Ruffalo amemwigiza kwa ulaini kiasi kwamba ni vigumu kumchukia hata anapostahili kuchukiwa. Kwangu mimi uamuzi huo wa Nic ni sahihi na ni wa ujasiri. Filamu nyingi zingempa baba kiti cha pembeni mwishoni ili kila mtu aende nyumbani ameridhika. Hii inasema kwamba kulea kwa miaka 18 ni kitu kimoja na kutoa mbegu ni kitu kingine, na kwamba aliyekuja juzi kwa pikipiki hana madai yanayolingana na ya aliyekesha na mtoto mgonjwa. Inasikitisha, na inapaswa kusikitisha.

Jambo ninaloliona kuwa kasoro kubwa zaidi, na ambalo wachache sana walilizungumza ikilinganishwa na kelele kuhusu Paul, ni Luis na Tanya. Luis ni mfanyakazi wa bustani, mwenye asili ya Meksiko, ambaye Jules amemwajiri. Anayaona yanayotokea kati ya mwajiri wake na mwenye nyumba, hasemi kitu, lakini anatabasamu. Jules, kwa hatia yake mwenyewe, anashindwa kulivumilia tabasamu hilo na anamfukuza kazi kwa visingizio. Katika kumbi nyingi hapa pia watu hucheka, kwa kuwa sehemu imepangwa ili wacheke: mtu mwenye hatia anamlaumu shahidi. Nacheka nao hadi mlango unapofungwa. Baada ya hapo Luis hatajwi kwa maana yoyote. Mtu amepoteza riziki kwa kosa la mwajiri wake, na filamu ambayo ina muda wa kusikiliza wimbo mzima wa Joni Mitchell haina dakika moja ya kumrudia. Tanya naye, mwanamke Mweusi anayefanya kazi katika mgahawa wa Paul na aliyekuwa akilala naye, anaachwa siku Paul anapoamua kwamba sasa anataka maisha ya maana. Tunaona uso wake ukiumia, kisha haonekani tena.

Wapo watakaosema kwamba Cholodenko anawakosoa Jules na Paul kwa kuonyesha wanavyowatendea wengine, na kwamba hiyo ndiyo maana ya sehemu zile. Ningekubali kama filamu ingewawajibisha. Jules anasimama mbele ya televisheni karibu na mwisho na kutoa hotuba nzuri mno ya kuomba radhi kwa mwenzi wake na watoto, hotuba ambayo Moore anaitoa kwa sauti inayokatika na ambayo huwatoa watu machozi, lakini Luis hayumo katika deni analolikiri. Filamu iliyoombwa kuwapa heshima watu waliokuwa wakiachwa nje imefanya kazi hiyo kwa uzuri, na katika nyumba ile ile imewatoa watu wengine nje kwa mlango wa nyuma. Sisi ambao tuna ndugu wanaosafisha nyumba na kupalilia bustani za wengine huko ughaibuni tunaliona hilo haraka, na nadhani tuna wajibu wa kulisema.

Kuhusu ufundi sina maneno mengi. Picha zilipigwa kwa siku 23 tu wakati wa kiangazi cha 2009, na haraka hiyo imesaidia zaidi ya kudhuru. Nyumba inaonekana imekaliwa, meza zina vyombo vya jana, na waigizaji wanakatizana maneno kama watu waliozoeana. Mia Wasikowska, kama Joni, ana kazi ngumu ya kuwa mtoto mwema ambaye hachoshi, na anaiweza. Josh Hutcherson anampa Laser ukimya unaofaa. Mwanga wa Los Angeles ni mwingi mno kwa ladha yangu, lakini huenda ndivyo jiji lilivyo.

Mapokezi ya baadaye yalithibitisha yale ya Sundance. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 20 Marekani pekee, ikashinda Golden Globe ya filamu bora ya ucheshi au muziki, na ikateuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ingawa haikuondoka na hata moja. Si kila mahali watu waliruhusiwa kujiamulia. Nchini Singapore, mwaka 2011, bodi ya udhibiti iliruhusu nakala moja tu ionyeshwe, kwa watu wa miaka 21 na zaidi. Wasomaji wa Kenya wanaijua hali ya namna hiyo kwa karibu: mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, iliyokuwa imechaguliwa katika Tamasha la Filamu la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani, kisha Mahakama Kuu ikaamuru marufuku isitishwe kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakapanga foleni wakati wa siku hizo. Bodi huamua kabla kwamba ukumbi utaitikia namna gani. Ukumbi wenyewe, ukipewa nafasi, huitikia kwa namna nyingi kwa pamoja: mmoja anacheka, jirani yake ananuna, wa tatu anamkumbuka mama yake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ina urefu wa dakika 106 na ni ya watu wazima kweli, kwa kuwa matusi ni mengi na matendo ya faragha yanaonyeshwa bila kificho cha kutosha kuitazama na watoto au mbele ya wakwe. Mwenye nafasi aitazame pamoja na watu kadhaa wa rika na misimamo tofauti, wote wakiwa wamejua mapema inahusu nini ili asiwepo aliyeshtukizwa, na atenge muda baada ya kuzima, maana mazungumzo yatakuwepo na yatakuwa marefu. Mwanamke anayependa wanawake ambaye ameipania filamu hii kama zawadi aliyoisubiri aambiwe habari za Paul kabla hajaketi. Wale ninaowajua walioambiwa mapema waliifurahia zaidi sehemu ya kwanza, na walikuwa na nguvu ya kutosha kuibishania ya pili.